Mto Ukija, Kitabu Kikae Wapi?

Vuli ya mwaka 2023 ilipoujaza Mto Tana, watu wa vijiji vya bondeni walipanda kwenye ardhi ya juu wakiwa na kile ambacho mikono miwili na kichwa kimoja vinaweza kubeba. Siku zile nilikuwa Tarasaa kwa mjomba wangu, mwalimu mstaafu. Nilisimama kando ya barabara nikiitazama mizigo ikipita: magodoro, sufuria, kuku waliofungwa miguu, nusu gunia la mpunga, mtoto mgongoni. Karibu kila mtu mzima alikuwa na simu, imefungwa nailoni na kutiwa kifuani isiguswe na maji. Kitabu sikukiona hata kimoja.

Siwalaumu. Simu ndiyo benki, ndiyo tochi, ndiyo sauti ya ndugu aliye Malindi au Mombasa. Kitabu kizito, na maji hayangoji mtu. Lakini tangu siku ile swali limeniganda: katika nchi hii ya mto, mtu anayetaka maandishi yawe yake, na yawe ya wajukuu zake, ayaweke kwenye karatasi au kwenye kioo? Nimelifuatilia swali hilo kwenye kemia ya karatasi, kwenye ufundi wa memori kadi, na kwenye tafiti za wanaochunguza jinsi ubongo unavyosoma. Kitabu na simu vyote vinakufa, ila maradhi yanayoviua hayafanani hata kidogo.

Maji yalipopungua, mimi na mjomba tulishuka hadi nyumba yake ya shambani, sehemu kwa bodaboda na sehemu kwa mtumbwi. Chini ya kitanda palikuwa na sanduku la bati ambalo hakuwahi kulihamisha. Tulipolifungua, maji mekundu yalikuwa bado yamejaa nusu. Ndani mlikuwa na madaftari ya maandalio ya masomo, atlasi ya shule yenye picha za rangi, vitabu vya kiada vya miaka mingi, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyovimba hadi mgongo wake umepasuka.

Niliichukua kamusi nikataka kuifungua. Mjomba akanishika mkono.

“Usiifungue sasa, mwanangu. Ukiifungua utaichana.”

Alikuwa sahihi, na sababu yake inavutia kuliko nilivyodhani. Karatasi ni nyuzi za mimea zilizolazwa moja juu ya nyingine. Kila uzi umeundwa kwa selulosi, yaani minyororo mirefu ya glukosi, sukari ile ile inayotembea katika damu yetu, ila hapa imefungamana kwa namna ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuifumua. Kinachozifanya nyuzi hizo zishikane na kuwa karatasi si gundi. Ni mvutano mdogo kati ya nyuzi na nyuzi ambao wanakemia huuita bondi za haidrojeni. Bondi moja ni dhaifu, lakini katika ukurasa mmoja zimo nyingi zisizohesabika, na kwa pamoja huzuia karatasi isichanike ukiifunua.

Maji nayo hushikana na selulosi kwa bondi hizo hizo. Yakiingia kitabuni hujipenyeza kati ya uzi na uzi na kuchukua nafasi ya mshikamano uliokuwapo. Nyuzi huvimba, ukurasa huongezeka unene, na kurasa mia kadhaa zikivimba pamoja, hakuna uzi wala gundi ya jalada inayoweza kuzizuia. Wakati huo karatasi imebaki na sehemu ndogo sana ya nguvu zake, na kidole kikiigusa vibaya huzama kama kwenye ugali mlaini.

Lakini karatasi ilizaliwa majini. Kiwandani, na hata kwa mtu anayetengeneza karatasi kwa mikono, kazi huanza kwa uji mwepesi wa nyuzi kwenye maji mengi, kisha maji hukamuliwa na nyuzi zikashikana zinapokauka. Mafuriko huirudisha karatasi kwenye siku yake ya kwanza. Ikikauka polepole bila kuguswa, nyuzi hushikana tena. Kwa hiyo kitabu kilicholowa hakijafa, na ninasikitika nikikumbuka vitabu vingi ambavyo nimeona vikitupwa na kuchomwa baada ya mafuriko, kwa sababu tu vilionekana vimeoza.

Atlasi ndiyo iliyokufa. Karatasi yake ya kung'aa imepakwa udongo mweupe laini, kaolini, pamoja na kitu cha kuushikilia. Ikilowa, kile kitu huyeyuka, na kurasa zikikauka zimegusana hugeuka tofali. Ukitaka kuokoa kitabu cha namna hiyo, lazima utenganishe kurasa kabla hazijaanza kukauka, na sisi tulichelewa siku kadhaa.

Herufi za kamusi zilikuwa zimesimama kama zilivyotoka mtamboni. Wino wa kuchapia vitabu huwa ni masizi yaliyosagwa ndani ya mafuta, na masizi hayana habari na maji. Jina la mjomba kwenye ukurasa wa kwanza, aliloliandika kwa kalamu ya wino akiwa kijana, lilikuwa limekwisha kutoweka likaacha doa la zambarau. Watu wa pwani waliijua tofauti hii kabla ya maabara. Wanakili wa Pate na Lamu waliandika kwa wino mweusi uliokusudiwa kudumu. Mganga wa kombe naye huandika kwa zafarani kwenye sahani makusudi ili maandishi yayeyuke, mgonjwa ayanywe.

Adui aliyetukimbiza alikuwa kuvu. Mbegu zake zimo hewani kila mahali zikingoja unyevu, na katika joto la delta ya Tana siku mbili tatu zinatosha kuanza kuota. Dunia ilijifunza somo hili kwa uchungu tarehe 4 Novemba 1966, Mto Arno ulipovunja kingo na kuingia katika jiji la Florence, Italia. Zaidi ya vitabu milioni moja vya maktaba kuu ya taifa vililowa maji, matope na mafuta mazito ya kupashia nyumba joto. Vijana kutoka nchi nyingi walikwenda kuvitoa kwa kupokezana mkono kwa mkono, na Waitaliano wakawaita malaika wa matope. Vitabu vingi vilikaushwa katika mabanda ya kukaushia tumbaku. Baadaye wataalamu waligundua njia bora: kitabu kilicholowa kigandishwe. Katika baridi ya barafu kuvu haioti, wino hauendelei kutembea, na mtu anapata muda. Kisha barafu ile huweza kuondolewa katika chumba kisicho na hewa, ikageuka mvuke bila kupitia hali ya maji.

Sisi hatuna vyumba visivyo na hewa. Lakini Kipini, mto unapoingia baharini, kuna friza za samaki, na katika miji ya barabarani kuna friza za soda. Kitabu kikifungwa vizuri kikawekwa humo, kitangoja hadi mwenyewe apate nafasi ya kukishughulikia. Ninaliandika hili nikitumaini kuna mwalimu mkuu atakayelisoma kabla ya mafuriko yajayo.

Tulichofanya sisi kilikuwa cha kawaida. Tuliisuuza kamusi ikiwa imefungwa, kwa maji safi, ili tope litoke kabla halijakauka ndani. Tuliisimamisha wima kwenye kivuli cha mwembe, jalada limefunguka kidogo tu. Jua kali tulilikwepa kwa sababu hukausha upande mmoja haraka na kuukunja, na mwanga wake huvunja selulosi. Upepo wa kaskazi ulikuwa umeanza, nao ndio uliofanya kazi. Kila baada ya saa kadhaa mjomba aliigeuza, akapachika vipande vya gazeti kati ya kurasa zilizokuwa tayari kuachana, akavitoa vikiwa vimelowa, akapachika vingine. Kazi hiyo ilichukua karibu juma zima.

Mafuriko huja na kuondoka, lakini mchwa hachukui likizo. Tumbo la mchwa lina vijidudu vinavyoifumua selulosi tusiyoiweza sisi. Wale wanaojenga vichuguu vikubwa wameendelea mbele zaidi, hulima kuvu maalumu chini ya ardhi juu ya mabaki ya mimea waliyoyatafuna, na kuvu hiyo humeng'enya hata lignini, ile dutu ngumu inayoupa mti ugumu wake. Uyoga unaochipuka kwenye kichuguu baada ya mvua ndio mazao ya shamba hilo. Kwa mchwa, rafu ya vitabu ni gogo lililokatwakatwa tayari. Wazee huweka kabati mbali na ukuta na miguu yake ndani ya makopo yenye mafuta, na hadi leo sijaona ushauri wa maktaba kubwa unaoshinda huo kwa nyumba ya udongo.

Na hata kitabu kisichoguswa na maji wala mchwa kina ugonjwa wa ndani. Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Friedrich Illig alichapisha njia ya kuipa karatasi ugumu kwa shabu na utomvu wa misonobari ili wino usitawanyike. Njia ilikuwa rahisi na viwanda viliipokea, lakini shabu huzaa asidi, na asidi huikata minyororo ya selulosi kipande baada ya kipande. Katika miaka ya 1840 ikaja karatasi ya mbao zilizosagwa, yenye lignini nyingi, ambayo mwanga na hewa huigeuza ya manjano. Ndiyo karatasi ya magazeti. Harufu ile tamu ya kitabu kikuukuu, ambayo wengi tunaipenda, ni ya dutu zinazotoka karatasi ikivunjika, na miongoni mwake imo vanilini. Mwaka 2009 Matija Strlič na wenzake walionyesha kwamba mtu anaweza kupima afya ya kitabu kwa kuchunguza harufu yake tu. Joto huharakisha yote haya. Kitabu kile kile kitazeeka upesi zaidi chini ya mabati ya mji wetu wa Garsen kuliko katika chumba baridi cha maktaba ya London.

Jioni ile ya sanduku, simu yangu nayo ilipata ajali, ikaniponyoka ikaanguka kwenye dimbwi la mlangoni. Mwenye nyumba ya jirani alinikimbilia na bakuli la mchele. Katika delta mchele haukosekani, na imani ya kuuzika simu ndani yake imeenea kila mahali. Lakini mchele haufyonzi maji yaliyoingia ndani ya mtambo kwa kasi ya maana, na vumbi lake huingia kwenye matundu. Kampuni ya Apple yenyewe imewaonya wateja wake wasifanye hivyo. Dawa ni kuzima simu papo hapo. Maji ya mto yana chumvi na tope, hupitisha umeme, na umeme ukipita penye maji hula shaba ya ndani kwa kutu ya kijani ndani ya muda mfupi. Nilizima, nikaifungua ilipofunguka, nikaiacha upeponi.

Simu haikuamka tena. Lakini memori kadi yake niliifuta kwa kanga, nikaitia katika simu nyingine, na vitabu vyote vilikuwamo, zaidi ya 200, bila herufi moja kupotea. Sanduku zima la mjomba lingeingia katika kipande kile cha ukubwa wa ukucha, na nafasi ikabaki. Kadi haina tundu la maji kuingia, na kilichoandikwa ndani yake si wino. Ni elektroni.

Kumbukumbu ya aina hiyo, iitwayo fleshi, ilibuniwa na Mjapani Fujio Masuoka akiwa katika kampuni ya Toshiba, naye akaitangaza mwaka 1984. Ndani ya kadi mna vyumba vidogo sana, vingi kwa mabilioni, vyenye kuta za kihami. Elektroni husukumwa humo kwa nguvu ya umeme, zikanaswa. Kiasi cha elektroni zilizonaswa ndicho kinachosomwa kama moja au sifuri, na moja na sifuri zikipangwa ndizo herufi. Kuta zile si kamilifu. Taratibu elektroni huvuja, na joto huzisaidia kutoka. Kadi iliyotumika sana kisha ikasahauliwa kwenye droo ya nyumba yenye joto haipaswi kutegemewa kwa miaka mingi. Kamusi ya karatasi iliyosahauliwa kwenye droo hiyo hiyo, isipoguswa na mchwa, itakungoja miaka 50.

Kilicho dhaifu zaidi ni betri. Lithiamu huchukia joto. Watengenezaji wa simu huonya kwamba katika hewa inayozidi nyuzi 35 betri inaweza kupoteza sehemu ya uwezo wake bila kuirudisha, na kuna alasiri za Februari na Machi ambapo chumba cha mabati hupita hapo. Kuanzia mwaka 2016 serikali ya Kenya ilisambaza zaidi ya vishikwambi milioni moja katika shule za msingi za umma, mradi ambao uliwapa watoto wa vijijini heshima ya kushika chombo cha zama zao. Nilifurahi wakati ule na bado nasema ulikuwa mwanzo mzuri. Lakini chombo kilichoundwa kwa ajili ya ofisi yenye kiyoyozi kinapopelekwa penye vumbi, joto na umeme wa kukatika, hakiishi umri ulioandikwa kwenye boksi.

Umeme huo unanirudisha mtoni. Sehemu kubwa ya nguvu za maji za Kenya inatoka katika mabwawa ya Mto Tana yenyewe, kule juu, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, lililo kubwa kuliko yote, lilikamilika mwaka 1981. Mvua zikizidi mabwawa hufurika, na maji hushuka hadi kwetu. Mto ule ule unaochaji kishikwambi ndio unaolowesha kamusi.

Sasa kuna jambo la umiliki, na hapa karatasi inanivuta upande wake kabisa. Kamusi ya mjomba ni yake. Anaweza kuiazima, kuiuza, kumwachia binti yake, au kuandika pembeni mwa ukurasa maneno ya Kipokomo yanayofanana na ya Kiswahili, kama alivyofanya kwa penseli kwa miaka 30 (na penseli, kwa kuwa ni kaboni, haikufutika). Hakuna wa kubisha hodi usiku aje kuichukua. Kitabu cha kidijitali unachokilipia dukani mara nyingi hukinunui. Unanunua ruhusa ya kukisoma. Julai 2009 wasomaji wa Amazon walioilipia riwaya ya George Orwell iitwayo 1984 waliamka wakakuta imefutwa kwenye vifaa vyao, kwa kuwa aliyeiuza hakuwa na haki ya kuiuza. Fedha zao zilirudishwa, lakini mwanafunzi mmoja Marekani alipoteza pia maana ya maelezo aliyokuwa ameyaandika juu ya kurasa. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikatoweka, ikarudisha pesa. Mafuriko ya namna hii hayana matope. Yanafika hata kwa aliye mlimani.

Vile 200 vilivyokuwa kwenye kadi yangu vilipona kwa sababu vilikuwa faili huru, zisizofungwa na kampuni yoyote: vitabu ambavyo haki zake zimekwisha, na hadithi za watoto za mradi wa African Storybook, ambao hutoa hadithi katika lugha nyingi za Afrika kwa leseni inayoruhusu kunakili, kutafsiri na kuchapa. Nilimhamishia binti wa mjomba nakala zote bila kutumia bando wala kuomba ruhusa. Mtu anayesema vitabu vya kidijitali havimilikiki anazungumzia duka tu.

Pesa nayo isisahauliwe. Sheria ya mwaka 2013 iliweka kodi ya asilimia 16 juu ya vitabu nchini Kenya. Kwa mzazi wa Tarasaa anayepaswa kwanza kulipa nauli hadi Malindi kukipata kitabu cha hadithi ambacho hakimo katika vile vya kiada vinavyoletwa shuleni na serikali, kodi hiyo ni ukuta wa pili baada ya ukuta wa safari. Simu imeuruka ukuta wa safari. Ukweli huo hauondolewi na mapenzi yangu kwa karatasi.

Vipi kuhusu kusoma kwenyewe? Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walikusanya tafiti 54 zilizofanywa tangu mwaka 2000, zenye washiriki zaidi ya 170,000, zilizolinganisha watu wanaosoma maandishi yale yale kwenye karatasi na kwenye skrini. Waliosoma karatasini walielewa zaidi. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilirudi tena na tena, ikakua msomaji alipobanwa na muda, na ilijitokeza katika maandishi ya maarifa, si katika hadithi. Wengi walitarajia tofauti hiyo ipungue kadiri watu wanavyozoea skrini. Katika miaka waliyoichunguza iliongezeka.

Kwa nini? Sehemu ya jibu ni tabia. Skrini imetuzoesha kupitisha macho juu juu, na majaribio yameonyesha kwamba msomaji wa skrini hujiona ameelewa kuliko alivyoelewa, akaacha mapema. Sehemu nyingine inahusu mahali. Mwaka 1971 Ernst Rothkopf alionyesha kwamba watu wanaposoma hukumbuka, bila kukusudia, habari fulani ilikuwa sehemu gani ya ukurasa. Na mwaka 2019 Anne Mangen na wenzake waliwapa watu 50 hadithi moja ndefu, nusu yao kwenye kitabu, nusu kwenye kifaa cha kusomea cha Kindle. Katika maswali mengi makundi mawili yalilingana. Yalipoulizwa mpangilio wa matukio, kipi kilitangulia na kipi kilifuata, wa kitabu walishinda. Mkono wa kushoto unaohisi kurasa zikiongezeka na wa kulia unaohisi zikipungua huenda inamwambia msomaji alipo katika hadithi.

Mwalimu yeyote wa madrasa kuanzia Kipini hadi Lamu angewaokoa watafiti hao gharama. Anayehifadhi Kurani huambiwa ashikamane na msahafu mmoja, asibadilishe chapa. Msahafu unaotumika sana leo, wa chapa ya Madina, una kurasa 604, mistari 15 kila ukurasa, na kila ukurasa humalizikia mwisho wa aya. Hafidhi akisoma kwa moyo huuona ukurasa, huijua aya iliyo juu kulia na ile iliyo chini kushoto. Kwenye simu inayoviringisha maandishi, aya haina nyumbani. Ndiyo maana programu nyingi za Kurani zimerudi kuonyesha kurasa zile zile 604 kama picha, zisisogee.

Kwa upande mwingine, mjomba wangu sasa anasoma zaidi kwenye simu kuliko karatasini, kwa sababu macho yamepungua na vidole viwili vinatosha kukuza herufi. Mtoto asiye na umeme nyumbani anayesoma kwa koroboi anavuta moshi kila jioni, na skrini inakuja na taa yake. Taa hiyo ina gharama: utafiti uliochapishwa Marekani mwishoni mwa 2014, ingawa ulikuwa na watu 12 tu, uliona kwamba kusoma skrini yenye mwanga kabla ya kulala kulichelewesha usingizi kwa takriban dakika 10 na kupunguza homoni ya usingizi. Kati ya dakika 10 za usingizi na moshi wa mafuta ya taa, ningemchagulia mtoto dakika zipotee.

Teknolojia ninayotamani ifike Tana Delta kwa bei ya watu ni karatasi ya kielektroniki, kama ile ya kampuni ya E Ink iliyoanzishwa mwaka 1997. Ndani ya skrini yake mna vidonge vidogo vyenye chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji zinazopingana, na umeme huzivuta hizi juu na zile chini. Zikishatulia, picha hubaki bila kula umeme wowote. Inasomeka juani, chini ya mwembe, mahali ambapo simu hugeuka kioo cha kujitazama, na chaji moja huenda majuma.

Lakini chombo kikiwa kimoja bado ni kimoja. Maandishi yaliyovuka karne katika ukanda huu yaliokolewa na wingi wa nakala na umbali kati ya nakala hizo. Karibu na Kipini kuna kaburi linalosemwa kuwa la shujaa Fumo Liyongo, na mashairi yanayonasibishwa naye yalifika kwetu kwa vinywa vingi na kalamu nyingi. Hati ya Utendi wa Tambuka, tungo ya Mwengo wa Athumani wa Pate ya mwaka 1728, leo iko Hamburg. Kule Ngao, jirani na Tarasaa, wamisionari wa Neukirchen walifika miaka ya 1880, na mmoja wao, Ferdinand Würtz, akachapisha Ujerumani mwaka 1895 msamiati wa Kitikuu na Kipokomo. Maneno yalitoka kinywani mwa watu wa mto huu, kitabu kikabaki Ulaya. Mwenye Kipokomo chake aliyetaka kukiona angepaswa kupanda ndege. Maktaba za huko zikipiga picha vitu vya namna hiyo, kijana wa Ngao anaweza kukipokea kwenye simu yake akiwa shambani. Karatasi ndiyo iliyohifadhi maneno kwa zaidi ya miaka 100, na skrini ndiyo inayoyarudisha nyumbani.

Lamu wamefanya vizuri zaidi. Hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Picha zilikwenda London, hati zenyewe hazikuondoka Lamu. Moto ukizuka huku, kuna nakala kule, na karatasi iliyoguswa na mikono ya wanazuoni ipo pale pale walipoisomea.

Kamusi ya mjomba ilikauka. Haifungiki tena sawasawa, na kurasa zimefanya mawimbi. Binti yake amezipiga picha zile zenye maandishi ya penseli, moja baada ya nyingine, amemtumia dada yake Mombasa na mimi pia. Kitabu kimewekwa juu ya kichaga darini, si chini ya kitanda.

Kwenye kila ukurasa, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kuna mstari wa kahawia kwenye kimo kimoja. Maji yalipokuwa yakipanda kwenye nyuzi, yalibeba asidi na mabaki yote yaliyokuwa yamejikusanya kwa miaka, yakayafikisha hadi pale ukavu ulipoanza, yakayaacha hapo. Mjomba aliupima kwa rula. Kisha akanitoa nje akanionyesha ukuta wa nyumba ya shambani, ambako tope lilikuwa limechora mstari wa rangi ile ile kuzunguka vyumba vyote, akaanza kunihesabia mistari mingine iliyofifia juu yake, mmoja mmoja, na mwaka wa kila mmoja.